L ya Lodwar

Mama alikuwa mzima siku za Jumamosi tu. Siku nyingine alikuwa mtu wa kuegemea mito, midomo imeingia rangi ya zambarau, anatoa maneno mawili halafu anapumzika kabla ya la tatu. Ikifika Jumamosi utamkuta kwenye kiti, anaimba nyimbo zake za Sabato kwa sauti nyembamba na kuuliza nani amekula na nani hajala. "Sabato ni ya Mungu," aliniambia. "Siku yake ananipa tena pumzi." Mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kubishana na yeyote, sembuse Mungu.

Anakaa Homa Bay, kwenye mteremko ulio juu ya mji, katika nyumba aliyojengewa na marehemu baba. Maisha yake yote alikausha samaki kwa moshi akawauza, na moshi ule ukaja kukidai kifua chake. Daktari alisema mapafu yamekakamaa, anahitaji mashine ya oksijeni: sanduku lenye magurudumu, urefu wake wa kufika gotini, linalovuta hewa ya chumbani, kuichuja na kumpelekea mgonjwa pumzi safi kwa mrija wa puani. Tuliipata iliyokwisha kutumika. Mama huiita "masin", maana ulimi wa Kijaluo hauna habari na sh wala z, na hapendi kusahihishwa.

Mimi ni fundi. Nina kibanda Suna, pale Migori, natengeneza redio, dikoda, na zile bodi za sola zinazokufa kila mvua ikinyesha. Baba watoto ni Mkuria, anafanya kazi Masara kwenye machimbo ya dhahabu, anaangalia pampu za kutoa maji mashimoni. Yeye ana umeme mkubwa, mimi ninao mdogo. Siku za katikati ya juma dada mmoja wa kanisani alikuwa akimshughulikia mama. Kila Ijumaa nilifunga kibanda nikaenda Homa Bay, Jumapili nikarudi, na Jumatatu asubuhi nikamkuta mtu mlangoni na redio iliyoanguka kwenye karai la maji, ati anaitaka leo leo. Nilikuwa nasinzia nikiwa nimesimama. Nikiulizwa habari, nasema nzuri.

Mwanzoni mwa mvua, radi ilipiga karibu na nyumba ya mama ikaunguza bodi ya mashine. Nikaitengeneza mwenyewe. Kipande kimoja tu nilikuwa sina: kidude cha miguu mitatu, kidogo kama punje ya mchele, kinachoitwa msimamizi wa volti. Baba watoto alikuwa anakwenda Kisumu kutafuta vipuri vya pampu, nikamtuma. Akaleta, nikakichomelea, mashine ikawaka, mama akapumua, sote tukashukuru. Baadaye kidogo akaanza kuzorota. Daktari akasema ni umri, ni kifua chenyewe. Tukakubali. Mtu aliyechoka hukubali mambo upesi.

Wikendi ninayoikumbuka baba watoto alikuja nami. Yeye haingii chumba cha kulala cha mama mkwe, haiwezekani hata nyumba ikiwaka moto. Alikaa sebuleni, akamsalimia mama kupitia pazia, mama akamjibu kupitia pazia, na kwa sababu yeye hajui Kijaluo na mama hajui Kikuria, nyumba nzima ikahamia Kiswahili. Jumamosi mama alikuwa mzima kama kawaida. Aliimba hadi baba watoto akawa anapiga mguu chini kule sebuleni.

Jumapili asubuhi niliizima mashine, nikaipangusa vumbi, nikaiwasha tena. Ndivyo dada wa kanisani alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Mama akanywa uji. Nilikuwa nakunja shuka pale kando ya kitanda jirani alipowasha posho mill yake, kinu cha umeme cha kusaga unga. Taa ya chumbani ikafifia kama mtu anayefumba macho, kisha ikarudi. Nikaendelea kukunja. Halafu nikasimama na shuka mkononi, kwa sababu kulikuwa na kitu hakipo.

Mashine ile ikiwa sawa hunguruma, na kila baada ya muda mfupi hushusha pumzi: pssh. Ni kile kilango chake cha ndani kinageuka, kubadilisha upande wa kuchuja. Ule mngurumo ulikuwepo. Ile pssh haikuwepo. Nikangoja. Nikainama nikaweka sikio kwenye sanduku. Mngurumo mtupu. Taa yake ya kijani inawaka, mrija unatoa upepo, hakuna kengele, hakuna lolote, na upepo wenyewe ulikuwa hewa hii hii ya bure niliyokuwa naivuta mimi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikachukua kile kibano cha kidole tulichopewa hospitali, cha kupima oksijeni mwilini, nikambana mama. Namba zilikuwa zinashuka huku naziona. Nikaizima mashine nikaiwasha. Pssh. Namba zikaanza kupanda, polepole, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Baadaye kidogo jirani akasimamisha kinu, akapata mteja mwingine, akakiwasha tena, taa ikafifia, na ile pssh ikanyamaza.

"Mama," nikasema, "huyu jirani husaga Jumamosi?"

"Asage Sabato vipi," mama akasema, "na yeye ni msee wa kanisa?"

Nikakaa kitandani. Wiki zote hizo tulikuwa tunamzika mama kidogo kidogo, tunazungumza kwa sauti ya chini, ati ni umri. Kumbe kila siku kinu kikianza asubuhi, mashine inapigwa butwaa na kubaki imepigwa butwaa mpaka kesho yake mtu aizime kupangusa vumbi. Jumamosi kinu kinalala, na mama anakuwa mzima. Nilipandwa na hasira na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba. Nikamhamishia mama huko, nikaitazama sindano ya kipimo cha mtungi, nikajua nina asubuhi hiyo tu, zaidi ya hapo ni kumbeba hospitali na kuomba kitanda. Nikaifungua mashine sakafuni.

Baba watoto akauliza kupitia pazia, "Imekufa?"

"Afadhali ingekufa," nikasema. "Inajifanya hai."

Nilianza na kile nilichokibadilisha mwenyewe. Nikafungua datashiti ya msimamizi kwenye simu, ile karatasi ya maelezo ambayo watengenezaji huitoa, nikaisoma kwa makini kuliko nilivyowahi. Ukweli ni kwamba mafundi wengi hatusomi. Tunatazama mchoro wa miguu, tunaangalia namba moja katikati, tunachomelea. Ukiwa na foleni ya redio mlangoni, nani ana nafasi ya safu tatu za vipimo?

Kazi ya kidude kile ni moja. Kinatazama volti zinazoenda kwenye ubongo wa mashine, ile chipu inayoongoza kilango, kengele na taa. Zikishuka chini ya kizingiti fulani, kinashusha mguu wake mmoja, yaani kinaondoa umeme kwenye mguu huo, na mguu ule ukiwa chini, ubongo unazimwa usifanye chochote. Volti zikirudi juu ya kizingiti, hakiachilii hapo hapo. Kinangoja kidogo, chini ya sekunde, kihakikishe umeme umetulia, ndipo kinainua mguu na ubongo unaanza upya. Hata mchawi hubisha hodi akangoja aambiwe karibu.

Lakini mbona ubongo usijiangalie wenyewe? Hilo lilinisumbua miaka mingi, na asubuhi ile nilielewa. Umeme ukipungua nusu nusu, ubongo haufi. Unalewa. Unasahau ulikuwa unageuza kilango gani, unasahau kupiga kengele, na taa ya kijani inabaki inawaka kwa sababu hakuna aliyeiambia izime. Mlevi hajui amelewa, uliza mke wake. Ndiyo maana anawekwa mtu wa pembeni, asiye na kazi nyingine, wa kusema: wewe, basi, kaa chini.

Kule Masara wana mtu kama huyo. Pampu ikilegea, msimamizi wa shimo hupiga filimbi maji yakifika magotini, hangoji yafike shingoni. Na pampu ikipona hamrudishi mtu shimoni papo hapo, hukaa akaitazama kwanza. Baba watoto amenieleza hayo mara nyingi mezani na mimi nikawa naitikia tu huku macho yanafumba.

Sasa, kizingiti ni kipi? Datashiti ilisema vidude hivi ni ndugu, wamefanana sura na miguu, wanatofautishwa na herufi moja mwishoni mwa jina. Mwenye L kizingiti chake ni nne nukta sita tatu. Mwenye R ni mbili nukta sita tatu. Tazama namba hizo, mtu mwenye usingizi ataona sita tatu na sita tatu. Safu za pembeni zikaongeza kwamba L, hata kwenye joto kali, haitashuka chini ya nne na nusu. Nikatafuta datashiti ya ule ubongo nayo. Ilisema: chini ya nne na nusu, usinilaumu. Basi zimelingana. Aliyebuni mashine alichagua L ili filimbi ilie kabla mlevi hajanywa.

Na mimi nilimtuma baba watoto L. Nakumbuka vizuri.

Nikatoa kwenye mkoba wa vifaa kisanduku changu cha kupimia, kinachopandisha na kushusha volti ukizungusha kifundo, nikakiunganisha. Nikaweka mita kwenye mguu wa msimamizi, nikaanza kushusha. Tano. Nne na nusu, mguu uko juu. Nne, juu. Tatu na nusu, juu bado, na hapo ubongo wa mashine ungekuwa umeshalewa chakari. Tatu. Volti zilipopita mbili nukta saba kwenda chini ndipo mguu ukaanguka. Msimamizi wangu alikuwa anapiga filimbi maji yakiwa puani.

"Baba watoto!" Niliita kwa sauti ambayo mke hamwiti mumewe hivyo mbele ya mama. "Kule Kisumu uliitisha nini?"

"Si uriniambia L? Niriitisha L."

"Sema vile ulisema. Neno kwa neno."

"Nirisema, nipatie hiyo ya eri."

"Na muuzaji?"

"Akauriza, eri gani? Nikamwambia, eri ya Rodwar."

Haki ya Mungu. Eri ya Rodwar! Wakuria na l hawakutambulishwa. Yule kijana wa dukani alifanya yote kwa heshima, aliuliza, akatajiwa mji, akaandika R ya Rodwar na kumfungia. Mimi mwenyewe nimekaa na mwanamume huyu miaka yote hii, naelewa kila akisema anataka "mchere" au anaumwa "reo", hata sisikii tena. Ndiyo shida yenyewe. Sikio langu lilishazoea kumsahihisha kimyakimya, nikasahau kwamba Kisumu hakuna sikio langu.

Nilicheka. Kisha nikaona nalia, sakafuni, bodi mapajani, na nikaendelea kucheka. Ulimi hauna mfupa, lakini ungemuua mama yangu.

"Nimekosa?" baba watoto akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Hujakosa. Ungesema ya Limuru."

"Ningesema Rimuru," akasema kwa huzuni ya kweli, na mama, na mrija wake puani na sindano ya mtungi inashuka, akaanza kucheka mpaka ikabidi nimshike mgongo.

"Na nyinyi," baba watoto akaongeza, akipunguza sauti mama mkwe asisikie, "mnaosema samba na sati?"

Nilikuwa na sanduku la bodi mbovu ninazobeba kila mahali kama mwanamke mwingine anavyobeba lesso. Nikatafuta vidude vya miguu mitatu. Cha kwanza, kutoka kwenye dikoda, kilikuwa na kizingiti sawasawa, nikafurahi, kisha nikaona mita inasema kinyume: pale mwenzake anaposhusha mguu, hiki kinainua. Kingeuzima ubongo siku zote umeme ukiwa mzuri, na kuuachilia ukiwa mbaya. Nilirudi kwenye datashiti nikakuta ndiyo, wapo ndugu wa namna hiyo pia, jina linatofautiana tarakimu moja. Nikakitupa. Sindano ya mtungi ilikuwa imeshaingia kwenye rangi nyekundu.

Cha pili kilitoka kwenye bodi ya sola iliyokufa. Nikakipima. Tano, juu. Nikashusha. Nne nukta saba, juu. Nne nukta sita na kitu, mguu ukaanguka. Nikapandisha, kikangoja kidogo, kikainua. Nikarudia, nikarudia tena, kwa sababu sikuwa namwamini mtu yeyote asubuhi ile, hata mimi. Halafu nikakichomelea nimezuia pumzi, nikafunga sanduku, nikaiwasha. Pssh.

Nikamrudishia mama mrija wake. Tulikuwa tunamngojea jirani.

Kinu kikawashwa. Taa ikafifia. Mashine ikazima, kabisa, hata mngurumo, na ule ukimya ulinipiga kifuani. Kisha ikapiga mlio wake wa kuanza, ikanguruma, na baada ya muda ikashusha pumzi: pssh. Namba kwenye kibano hazikutikisika. Baba watoto akapiga makofi peke yake sebuleni.

"Hii sasa imeharibika," mama akasema. "Ile ya kwanza haikuwa inasima."

"Mama, ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbovu. Mashine nzima ni ile inayojua kuzima." Nilijisikia nikisema hivyo nikashangaa, maana katika Kiswahili ni neno moja, zima na nzima, na katika mdomo wa mama yote mawili ni sima. "Umeme ukiwa mdogo, inazima, inangoja, inaanza upya na akili yake. Ile nyingine ilikuwa haizimi. Ilikuwa inaendelea tu, inanguruma, na haikupi kitu."

Mama alikuwa anavuta pumzi yake. Nilikuwa naogopa swali lililokuwa linakuja, na likaja.

"Kwa hivyo haikuwa Mungu. Ile ya Sabato. Ilikuwa poso mill."

Ningejibu nini? Mwanamke ametolewa kifua, akabakizwa siku moja ya kuimba, na binti yake amekuja na mita kumwambia hata hiyo ilikuwa ya kinu. "Mama," nikaanza.

"Na nani," mama akasema, "alimwambia jirani apumsike Sabato?"

Kutoka sebuleni baba watoto akasema, "Amina," kwa sauti ya mtu aliyebanwa.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Migori, mtu wa redio ya karai, nikajua kabla ya kuangalia. Nikaishika, nikasafisha koo ili sauti itoke kama ya mtu aliyelala vizuri. Mama alikuwa ananitazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kurudi rangi yake, na macho yalikuwa yale ya zamani, ya mama muuza samaki anayejua mizani imeguswa.

"Nyathina," akasema, ambalo kwetu ni mwanangu, neno pekee la Kijaluo alilolisema siku hiyo nzima. "Wewe unanguruma tangu msimu wa mvua. Nakusikilisa. Hakuna kitu kinatoka."

"Niko sawa, mama. Niko mzima."

"Sima," akasema.

Sikuelewa kama ananisahihisha au ananiamuru. Akanyoosha kidole chenye kibano, akakielekeza kwenye simu.

"Isime. Ulale."

Niliizima. Nikajinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na viatu miguuni, mchana kweupe, mume wangu sebuleni hajapewa hata chai. Jirani alipata mteja mwingine. Nikasikia mashine ikizima, ikapiga mlio wake, ikarudi. Sikuinuka.